Miaka Aliyowekewa Hawa

Kau,
12 Februari 2023

Mdogo wangu Mwanasiti,

Assalaam aleykum. Nimefika nyumbani salama, na kabla sijajibu maswali ya Hawa nimeona nikuandikie wewe. Usishangae kupata barua ya karatasi katika zama hizi za simu. Ulijionea mwenyewe tulipokuwa Mombasa. Nikizungumza kwenye simu, mtu wa upande wa pili anasema hanisikii, anarudia halo, kisha anakata. Sauti yangu imeshuka, na daktari alisema hilo nalo ni tawi la ugonjwa huu huu. Kwenye karatasi angalau sina haja ya kupaza sauti. Barua itavuka mto kwa mtumbwi, itapanda boda mpaka Garsen, na pale Abduba wa duka la mbegu ataikabidhi gari la Hola. Wewe nawe nirudishie kwa njia hiyo hiyo.

Nataka nikueleze uamuzi wangu ili usiniulize tena kila siku. Daktari alisema Parkinson haiponi, ila ipo dawa inayorudisha mwendo wa mwili. Tuanze leo au tungoje kidogo, alisema, ni jambo la kupima pamoja. Nikiona ugonjwa unanizuia maisha yangu, nirudi. Nilimwambia kinachonisumbua ni huu mkono wa kulia tu.

Ulipotoka kwenda kununua maji, niliongea na yule mzee aliyekaa benchi moja na sisi, Mzee Nuhu, mkulima wa skimu ya Bura. Uliona kichwa na mabega yake yanavyoyumba huku na huku, kama mtu anayecheza ngoma asiyoisikia mwingine. Nilimuuliza kama ndio ugonjwa wenyewe unavyokuwa. Akaniambia, "Huu si ugonjwa, Mwalimu, hii ni dawa. Mpaka mwaka wa tano nilikuwa kama kijana. Baada ya hapo ndiyo hivi unavyoniona." Kisha akaitwa ndani.

Mwanasiti, maneno hayo hayakunitoka njia nzima. Miaka mitano mizuri, basi. Nina sitini na mbili. Nikianza kumeza leo, nitaimaliza miaka hiyo huku bado naweza kulima, kuswali nimesimama, kuvaa mwenyewe. Nitakuwa nimeitumia nisipoihitaji. Halafu ugonjwa utakapokuja kwa uzito wake, sitakuwa na kitu mkononi, na Hawa atakuwa mtu mzima asiye na nguvu za kuninyanyua kitandani. Kwa hiyo nitaiweka. Siku nitakapokuwa mzigo kwake ndipo nitakapoanza, ili apate miaka mitano ya mume anayetembea.

Usimwambie. Akijua dawa ipo, atanisimamia niimeze leo hii. Nimemwambia ni mishipa ya mkono.

Kaka yako,
Athman


Hola,
26 Februari 2023

Kaka Athman,

Waaleykum salaam. Barua nimeipata, nimeisoma hapa hapa kwenye cherehani, mteja amesimama na kitambaa chake ananingoja.

Umefundisha miaka mingi mpaka unadhani mwili nao utakaa kungoja kengele yako. Hebu niambie, hayo ya miaka mitano ulimuuliza daktari? Tulikaa naye chumba kimoja, mimi na wewe, na sikukusikia ukimuuliza. Umemuuliza mzee wa kwenye benchi, naye hata hajamaliza kusema. Wewe ndiye uliyekuwa ukituchapa sisi tuliokuwa tukijibu swali kabla ya kulisoma mpaka mwisho.

Na Hawa. Unasema unamwekea miaka. Umemuuliza anaitaka lini?

Nitanyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na umeniomba. Usichukue kunyamaza kwangu kuwa nimekubali. Karatasi ya dawa aliyokuandikia daktari ninayo mimi, iliachwa mkobani mwangu. Ukisema neno moja tu, nitazinunua na kukuletea mwenyewe.

Mdogo wako,
Mwanasiti


Kau,
18 Juni 2023

Mdogo wangu Mwanasiti,

Samahani kwa kukawia. Katika barua yako ya mwezi uliopita umelalamika kwamba barua yangu ya Aprili ulilazimika kuipeleka mlangoni kwenye mwanga. Naanza mstari kwa herufi za kawaida, nikifika katikati zimeshakuwa mchanga. Leo nimepumzika kila baada ya mistari michache, natumaini unaona.

Sisi wazima. Mpunga wa bondeni haukufanya vizuri, ndizi ndizo zimetuokoa. Ng'ombe wa Hawa wamezaa, na kila jioni anawasemesha kwa Kiorma mambo asiyonisemesha mimi. Mwaka wa ishirini na saba huu amekaa kando ya mto na mpaka leo akienda kuchota maji hashuki zaidi ya kifundo cha mguu. Watoto wa Amina jirani humcheka.

Chuoni kwa watoto wa Kurani nimeacha kufundisha kwa sasa. Si kwa sababu kubwa, ubao tu haunitaki. Vifungo vya shati hunifungia Hawa. Kwenye harusi ya mtoto wa Harith mwenye mtumbwi watu walikwenda kumwambia baba wa bwana harusi kwamba Mwalimu amenuna, hakuiridhia ndoa ile. Mimi nilikuwa nimefurahi kama wao. Uso wangu ndio haukupeleka habari.

Kuna jambo jingine la kuchekesha kidogo. Miguu yangu imegombana na milango. Uani natembea vizuri, lakini nikifika kizingitini nyayo zinashika chini kana kwamba zimepigiliwa misumari. Nikiambiwa "twende" ndiyo kwanza zinazidi. Hawa amegundua dawa yake. Anakuja nyuma yangu, ananisukuma goti kwa goti lake, anahesabu kwa lugha yao, tokko, lama, sadi, na kwenye sadi mguu unanyanyuka. Tunacheka, yaani yeye anacheka.

Najua utakaloandika. Bado, Mwanasiti. Nikimeza kwa sababu ya vifungo na mlango, nitameza nini siku nitakapolala kitandani?

Kaka yako,
Athman


Kau,
20 Agosti 2023

Wifi Mwanasiti,

Mwandiko huu ni wa Amina, maneno ni yangu mimi Hawa. Kusoma sijui, unajua. Mwalimu amekwenda msikitini, akirudi tutakuwa tumemaliza. Amina nimemwapisha.

Wifi, nakuuliza jambo na wewe uniambie kweli. Mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe. Ng'ombe mgonjwa namjua kabla hajalala chini, namjua kwa anavyosimama. Huyu mume wangu anasimama vibaya. Anasema mishipa ya mkono. Mkono gani unafanya mtu asigeuke kitandani? Usiku namgeuza mimi, asubuhi nanyamaza asione haya.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili, na Amina nimemwambia aandike kama ninavyosema. Hanichekei tena. Zamani nikiingia ndani tu, uso wake unafunguka. Sasa nikiingia, nikitoka, nikianguka na ndoo, uso ni ule ule. Sauti yake kwangu ni ndogo kama ya mtu asiyetaka kusikika. Nimekaa na jambo hili tangu mfungo wa Ramadhani. Sina mtu wa kumuuliza ila wewe uliyenyonya naye titi moja.

Niambie, amenichoka au ni mgonjwa? Kama amenichoka nitajua la kufanya, kwetu kupo. Kama ni mgonjwa, ipo dawa? Kama ipo nitatoa ng'ombe. Kama haipo niambie pia, nisikae nikingoja kitu ambacho hakiji.

Wifi yako,
Hawa


Hola,
3 Septemba 2023

Wifi yangu Hawa,

Amina akusomee haya mkiwa wawili tu.

Hajakuchoka. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, hajakuchoka, na huna habari unavyofikiriwa na mtu huyo. Uso ni mishipa ile ile ya mkono, imekaza na haimruhusu kucheka. Ndani anacheka. Usiangalie uso, msikilize anachosema hata kama ni kidogo.

Kuhusu dawa, hospitali wamesema tungoje kwanza. Wakati ukifika mimi mwenyewe nitakuja nayo. Vumilia, wifi. Endelea hivyo hivyo na goti lako na kuhesabu kwako, ameniambia.

Wifi yako,
Mwanasiti


Hola,
12 Novemba 2023

Kaka Athman,

Mvua hapa haijakatika tangu juma lililopita, na watu wa magari wanasema barabara ya Garsen imeanza kumegwa. Naiandika kwa haraka iwahi gari la kesho.

Nimekutana na Mzee Nuhu. Sikumtafuta, alikuja mwenyewe kwenye cherehani yangu kupunguziwa suruali, maana amekonda. Nilimjua kwa yale mabega. Nikamkumbusha Mombasa na benchi, nikamwambia alilokwambia na ulilofanya kwa sababu ya maneno yake.

Aliketi chini kabisa. Akaniambia, "Nilimpa nusu ya maneno. Niliitwa ndani, na nilipotoka mlikuwa mmeshaondoka."

Nikamwambia anipe nusu ya pili.

"Nameza mwaka wa nane sasa," akasema. "Huku kuyumba kulianza mwaka wa sita. Kunanichosha na watoto wananitazama njiani, ndiyo. Lakini asubuhi kabla ya kidonge mke wangu ananigeuza kama gunia la mahindi. Nikishameza, nakwenda kwenye mfereji kwa miguu yangu, nafungua maji ya shamba langu. Binti zangu wote watatu nimewaoza nimesimama. Mwambie ndugu yako, ningerudishiwa siku ile ya kwanza, ningeanza siku ile ile. Nilikuwa nalalamika tu siku ile. Mtu akiumwa analalamika."

Umesikia, Kaka? Alikuwa analalamika tu.

Nakwenda duka la dawa Jumanne. Barabara ikifunguka nakuja Kau na vidonge, na ukikataa nitamwambia Hawa yote mbele yako. Nimenyamaza vya kutosha. Ananiamini, na mimi namjibu kama mtu wa ofisini.

Mdogo wako,
Mwanasiti


Kambini, upande wa juu wa Kau,
25 Novemba 2023

Kwa Dada Mwanasiti,

Mimi ni Amina, jirani wa Mwalimu Athman. Simu hazina moto na mnara umekufa. Barua hii naipa watu wa boti ya misaada waifikishe Garsen. Kama na wewe ulituma barua mwezi huu haikufika, Abduba amesema gari liliishia njiani na mizigo yote iko huko.

Dada, kaa kitako. Hawa amefariki. Mwalimu yuko hai.

Maji yaliingia kijijini baada ya swala ya alfajiri. Si kama miaka mingine, yalikuja yakiwa na nguvu. Mtumbwi wa Harith ulikuwa unatoa watoto kwanza. Ulipofika kwa Mwalimu nilikuwa ndani yake na wanangu, maji yalikuwa ya mapajani. Mwalimu alikuwa amesimama ndani ya mlango. Harith akamwita, "Mwalimu, njoo, nafasi ipo." Hakusogea. Harith akamwita tena. Tulidhani anakataa kuacha nyumba yake, kuna wazee wengine walikataa. Hawa alikuwa nyuma yake, amemshika kiunoni, namsikia anahesabu. Alihesabu sana. Harith akasema, "Maji yanapanda, niwafikishe hawa watoto, nitarudi sasa hivi." Nilimwambia Hawa apande yeye. Akasema hapandi peke yake.

Haya mengine nayajua kwa Harith. Anasema alichelewa kwa sababu ya gogo lililomziba njia. Huko nyuma maji yalipanda. Inaonekana Hawa alimwegemeza Mwalimu kwenye fremu ya mlango, akatoka mwenyewe kuja kuita mtumbwi. Alipofika usawa wa mfereji wa zamani, ambao haukuonekana, alizama. Kuogelea hajui. Harith alisikia sauti yake kabla ya kuona kitu. Alipofika, Mwalimu alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni, maji kifuani, anatazama mahali alipopotelea. Harith alimbeba Mwalimu kama anavyobebwa mtoto.

Hawa alipatikana chini kwenye migomba. Tumemzika hapa juu kwa sababu makaburini ni maji. Nimemwosha mimi na mama yangu.

Dada, kuna neno watu wanasema hapa kambini. Wanasema Mwalimu alimwona mkewe akichukuliwa na hakunyoosha hata mkono. Na kwamba hakulia kaburini, uso wake ulikuwa mkavu. Mimi nawajibu si hivyo. Lakini wakiniuliza ni vipi basi, sijui la kusema. Wewe unajua?

Ni mimi,
Amina


Hola,
21 Januari 2024

Kaka Athman,

Nimefika Hola. Usiku wa kwanza sikuweza kushona wala kulala. Hukusema neno nilipokuwa huko, na sikulazimishi useme sasa.

Kabla sijaondoka nilikaa na wazee wa msikiti na Harith nikawaeleza ugonjwa wako, jina lake, na jinsi miguu inavyokataa mlango. Niliwaambia uso wako nao umefungwa, si moyo. Harith alitoka nje akalia. Wengine walisikiliza. Sijui kama wote wameamini.

Vidonge vimo kwenye kopo la bluu juu ya kabati alilokupa Amina. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, kabla ya kula, na usivichanganye na maziwa wala nyama. Siku za mwanzo utasikia kichefuchefu. Amina ameahidi kukukumbusha. Ulinitazama nilipokuwa nikieleza, na macho yako yaliniambia humezi. Kaka, anza. Sikuambii ni kwa ajili ya nani. Anza tu, kwa sababu mimi nimebaki na ndugu mmoja na sitaki kumzika akiwa amesimama.

Mdogo wako,
Mwanasiti


Kau,
10 Machi 2024

Mdogo wangu Mwanasiti,

Tazama mwandiko. Hutahitaji kuupeleka mlangoni.

Nilianza kumeza mwishoni mwa Januari, siyo kwa kutaka. Amina alikuwa akisimama mbele yangu na kikombe cha maji, na nilikosa nguvu za kubishana naye. Siku za kwanza nilitapika. Baadaye asubuhi moja niliamka, nikageuka kitandani bila kufikiria, na nilipokuwa nimeshageuka ndipo nikajua nimegeuka. Nilivaa shati. Nilitoka uani. Nilipofika mlango wa nyumba hii mpya waliyonijengea, nilisimama kwa mazoea, nikingoja miguu ikatae. Haikukataa. Nilipita.

Nikarudi ndani nikapita tena. Nilipita mara nyingi sana siku ile, Mwanasiti, mpaka watoto wa Amina wakaja kutazama. Waliona ni mchezo. Walicheka na mimi nikacheka, na nilipousikia uso wangu ukicheka niliingia ndani nikafunga mlango.

Wiki tatu. Huo ndio muda ambao vidonge vilihitaji kunitoa pale mlangoni.

Mwezi uliopita Harith alinipeleka Mombasa kwa daktari, nikamuuliza lile swali ambalo ulisema sikuuliza. Nikamweleza habari za Mzee Nuhu wa kwenye benchi, nikasema, "Kwani dawa hii haina miaka yake, mitano ikaisha?" Akaniuliza nani aliniambia ningoje. Nikasema hakuna, nilingoja mwenyewe. Akasema, "Dawa haiishi nguvu kwa kumezwa, Mwalimu. Ugonjwa ndio unaoendelea, umeze usimeze. Kuyumba kwa yule mzee kungekuja hata angechelewa kuanza. Ulipongoja hukuweka akiba ya kitu chochote. Mwaka jana ungeuanza na dawa, mwaka jana ungekuwa wako."

Hakujua anazungumza na nani. Alisema kwa upole kabisa, huku akiandika.

Nimeirudia ile asubuhi kila namna. Nilimsikia Harith. Nilitaka kwenda. Nilikuwa nikiuambia mguu kwa maneno, nyanyuka, kama ninavyomwambia mwanafunzi, na mguu ulikuwa kama wa mtu mwingine. Hawa alihesabu mpaka akaacha kuhesabu. Akanisogeza kwenye fremu, akanipangusa maji usoni kwa leso yake, akasema, "Simama hapo hapo, Mwalimu, mimi nakwenda kuita." Alishuka kwenye maji yale yeye, ambaye hashuki zaidi ya kifundo. Nilimwita arudi. Hakunisikia, kwa sauti hii. Alipozama nilimwita tena.

Watu walisema sikunyoosha mkono. Niliunyoosha. Ulifika ulipofika.

Juzi Amina alinieleza kwamba Hawa alikuandikia mwezi wa nane kukuuliza kama nimemchoka. Sikujua. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja usiku wote ule, nimejaa mapenzi na mahesabu yangu, naye anafikiria kurudi kwao. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulimjibu?

Ramadhani inaingia kesho kutwa. Daktari amenikataza kufunga.

Kaka yako,
Athman


Hola,
24 Machi 2024

Kaka Athman,

Nilimjibu. Niliapa kwamba hujamchoka, kwamba ndani unacheka. Hilo lilikuwa kweli na nililisema bila kulipunguza.

Aliniuliza pia kama dawa ipo. Nikamwambia hospitali wamesema tungoje. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Ningemwambia ipo, angekuja Hola kwa miguu kuichukua, wewe unajua na mimi najua. Usiniandikie kunifariji, na mimi sitakufariji. Tumeshindwa sote wawili na hatuna wa kumwomba radhi ila Mungu.

Meza dawa.

Mdogo wako,
Mwanasiti


Kau,
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Mwanasiti,

Idd imepita. Sitakufariji, umeniambia nisifanye hivyo. Nakupa tu alichoniambia Amina: barua yako ya kiapo alimsomea Hawa chini ya banda la ng'ombe. Hawa alimwambia arudie pale penye kiapo, akarudia. Halafu akachukua kibuyu akaenda kukamua. Usiku ule alinikalia karibu na kuongea sana, habari za ng'ombe, habari za kwao, na mimi nikashangaa furaha hii imetoka wapi. Kwa hiyo alikusadiki. Alipokwenda kwenye maji alikuwa anajua. Nashikilia hapo, ingawa ni padogo pa kushikilia.

Naswali nimesimama. Nimerudi chuoni, ubao unanikubali. Nimelima kipande cha bondeni ambacho maji yalikiacha na udongo mzuri, mpunga umeota. Watu wananipa mkono njiani wakisema Mwalimu umepona, alhamdulillahi. Siku ya pili ya Idd imamu wetu alikuja na wazee wawili, wakanywa kahawa, wakafika kwenye neno lao. Kuna mjane upande wa Kipini, mtu mwema, na mimi afya yangu imerudi, haifai nikae peke yangu. Walisema kwa nia njema. Niliwaambia afya wanayoiona si yangu, niliiweka kwa ajili ya mtu, na mwenyewe hakuwahi kuitumia. Imamu aliinamisha kichwa. Wakamaliza kahawa, wakaniombea dua, wakaondoka.

Vidonge vya mwezi huu vinakaribia kwisha. Ukimpata mtu wa Garsen, mpe vingine aje navyo kwa Abduba, maana mvua imeanza tena na sijui barabara itakatika lini.

Daktari aliniambia pia, wakati natoka, kwamba kwa hali yangu hii bado nina miaka mingi mizuri mbele. Alisema kama mtu anayekabidhi zawadi, na mimi nikapokea kwa mikono miwili, kwa adabu, nikamshukuru.

Kaka yako,
Athman